Kuvuka Unguja kwa Gari: Kutoka Forodhani hadi Pwani ya Mashariki

Kisiwa cha Unguja hakizidi kilomita 40 kwa upana, na barabara ya lami itokayo Mji Mkongwe kwenda Paje ina urefu wa karibu kilomita 50 tu, kwa hiyo dereva mwenye haraka huweza kukivuka kisiwa kutoka pwani hadi pwani kwa muda wa saa moja na robo. Ufupi huo ndio unaowaponza wasafiri wengi. Hutoka mjini wakati wowote wanaojisikia, hupita mashamba na msitu vioo vikiwa vimefungwa, kisha hufika ufukweni na kukuta bahari imejaa hadi kwenye minazi, wasijue kwamba saa sita kabla ya hapo wangeweza kutembea kwa miguu karibu hadi kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani. Mwongozo huu ni kwa yule aliye tayari kuitoa siku nzima kwa safari hii, na anayekubali kwamba saa ya kuondoka mjini huamuliwa na maji ya upande wa pili wa kisiwa.

Hatua ya kwanza: Hesabu mwezi kabla ya kuchagua siku

Upande wa mjini maji hupanda na kushuka bila kuibadilisha sana sura ya pwani. Upande wa mashariki, kuanzia Chwaka hadi Jambiani, bahari iliyo ndani ya mwamba ni ya kina kifupi mno, na maji yanapokupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu zaidi, mchanga hubaki wazi kwa masafa ya kilomita moja au zaidi. Tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa siku za bamvua hufikia kama mita 4, na siku za maji mafu hushuka hata isifike nusu ya hapo. Kwa msafiri tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa siku ya bamvua utawakuta wakulima wa mwani, wavuvi wa pweza na watoto wote wametawanyika katika uwanda mweupe, na siku ya maji mafu utaiona bahari ya kawaida tu, nzuri kwa kuogelea lakini isiyo na kazi inayoendelea ndani yake.

Jedwali la maji la bandari likipatikana litumie, lakini hesabu ya wenyeji inatosha kupangia safari. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapotimia, na siku hizo, yaani mwezi mosi na mwezi kumi na tano, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne na robo ya asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi na robo ya alasiri. Kila siku inayofuata ongeza dakika kama hamsini. Mwezi tatu, kwa mfano, maji hukupwa karibu na saa sita mchana, na mwezi tano hukupwa mnamo saa saba na nusu. Ikifika mwezi saba au nane, maji hukupwa alasiri na tayari ni maji mafu. Siku zinazofaa zaidi kwa safari hii ni mwezi mosi hadi wa nne, na mwezi kumi na tano hadi wa kumi na nane.

Kuhusu majira, neno ni fupi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua huweza kunyesha siku nzima na njia za udongo zinazochepuka kutoka barabara kuu huwa matope, ilhali vuli hunyesha kwa vipindi na haimzuii mtu kusafiri. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma moja kwa moja juu ya pwani ya mashariki, hali ya hewa huwa ya baridi kidogo na mawimbi huleta mwani mwingi ufukweni, jambo linalowakera watalii na kwangu halina ubaya wowote.

Hatua ya pili: Kagua gari na karatasi zake

Gari dogo la kawaida linatosha, kwa sababu barabara yote inayoelezwa hapa ni ya lami. Gari la juu lenye magurudumu manne ya kuvuta ni fahari tu, isipokuwa kama unakusudia kuingia njia za mawe zinazokwenda kwenye vijiji vya ndani. Zanzibar huendeshwa kushoto, kama Tanzania Bara na Kenya.

Mgeni kutoka nje ya Tanzania ahakikishe ana leseni ya kimataifa au kibali cha muda cha kuendesha gari Zanzibar, ambacho wenye magari ya kukodi huwa wamezoea kukishughulikia, ila kishikwe mkononi kabla gari halijaondoka. Askari wa usalama barabarani husimama mara kwa mara kwenye barabara ya kusini, nao huanza na leseni na kibali, kisha hugeukia stika zilizopo kwenye kioo cha mbele. Tangu Oktoba 2024 wageni wa kigeni hutakiwa pia kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, lakini hiyo ni bima ya mtu, nayo haiondoi haja ya kuuliza bima ya gari inagharamia nini.

Kabla ya kutia saini, fungua buti. Nimewahi kukabidhiwa gari lililokuwa na gurudumu la akiba jipya kabisa lakini bila jeki, na jambo hilo nililigundua baada ya pancha, katikati ya vichaka, jua likiwa utosini. Aliyeniokoa ni dereva wa gari la mkaa, ambaye alikataa malipo akakubali maji ya kunywa. Kagua basi gurudumu la akiba, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu ya tahadhari na taa zote, ukipiga picha za mikwaruzo iliyopo. Jaza mafuta mjini, na chukua shilingi taslimu za kutosha, za noti ndogondogo, kwa sababu vijijini chenji ni tabu.

Asiye na gari asikate tamaa, kwani daladala namba 309 huenda Jambiani na namba 310 huenda Makunduchi. Atapata safari ya bei nafuu na mazungumzo ya bure, lakini itambidi aache vituo vingi vilivyotajwa hapa.

Hatua ya tatu: Anzia majini

Safari ya pwani hadi pwani ianzie pwani. Simama Forodhani alfajiri, mbele ya ukuta wa bahari, ukiwa umeipa mgongo Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Yaangalie maji: ikiwa unasafiri siku ya bamvua, alfajiri utayakuta yameanza kushuka kutoka kwenye kilele chake cha saa kumi za usiku, na hapo utajua kwamba upande wa pili nako yanakwenda vivyo hivyo.

Kutoka hapo pitia Darajani, halafu Michenzani kwenye majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha shika njia ya Mwanakwerekwe. Sehemu hii ya mji haina mandhari ya kungojea, ina bodaboda, mikokoteni na daladala zinazosimama bila ishara, kwa hiyo ipite kabla ya saa moja na nusu asubuhi, au uvumilie foleni. Kumbuka pia kwamba unaelekea mashariki na jua linachomoza usoni mwako. Safisha kioo cha mbele kwa ndani na kwa nje, kwa sababu vumbi lisiloonekana mchana hugeuka pazia jeupe jua likiwa chini.

Hatua ya nne: Soma ardhi kuanzia Tunguu

Ukishaiacha miji na kufika Tunguu, ambako ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, punguza mwendo. Hapa bado uko katika nusu ya kisiwa yenye udongo, na dalili zake ziko pande zote mbili za barabara: minazi iliyopandwa kwa mistari, migomba, mihogo, mishelisheli yenye majani mapana kama sinia, na miembe ya zamani ambayo shina moja halikumbatiwi na watu wawili. Eneo la Bungi lina safu ya miembe inayofunika njia, ambayo masimulizi huinasibisha na Bibi Khole, binti wa Sultani Said, na karibu na hapo yako magofu ya jumba lake la shamba. Kwa dakika ishirini panastahili kusimama, ingawa magofu yenyewe yamezidiwa na mimea.

Mbele kidogo, mkono wa kulia, iko njia ya kwenda Unguja Ukuu, bandari kongwe ambako wanaakiolojia wamefukua mabaki ya biashara ya Bahari ya Hindi ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Msafiri wa siku moja asiingie huko. Palipokuwa na mji leo ni mchanga na mashamba, na bila mtu wa kukueleza hutaona kitu, wakati muda wako unahitajika mashariki.

Ziko pia njia nyingine za kuvuka kisiwa, na iliyo fupi zaidi ni ya Mwera, Dunga na Chwaka, yenye kilomita kama 32. Anayependa historia kuliko mandhari aichague hiyo, maana Dunga ndiko lilikosimama kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu, wenyeji wa asili wa Unguja, aliyekuwapo kabla na wakati wa masultani wa Kiomani, na ambaye ukoo wake wa utawala ulikoma mwaka 1873.

Hatua ya tano: Amua Jozani ni ya kwenda au ya kurudi

Hili ndilo jambo ambalo hesabu ya mwezi hulikata. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50, iko kilomita kama 35 kutoka mjini, kando kabisa ya barabara. Maji yakikupwa saa nne au saa tano asubuhi, pita bila kusimama na uje uitembelee alasiri unaporudi. Yakikupwa saa sita au saa saba, anza nayo. Kima huchangamka zaidi asubuhi na alasiri kuliko katikati ya mchana, kwa hiyo mpango wowote kati ya hiyo miwili unakufaa.

Kilomita za mwisho kabla ya lango zina matuta makali na vibao vyenye picha ya kima. Matuta hayo yaliwekwa baada ya barabara kutiwa lami na magari kuanza kuwagonga kima kwa wingi, basi yapite polepole hata kama gari la nyuma linapiga honi. Kima punju ni mnyama asiyepatikana kwa asili mahali pengine duniani ila Unguja na visiwa vidogo vya jirani. Ana mgongo mwekundu, mabega meusi na manyoya meupe marefu yanayouzunguka uso mweusi kama nywele za mzee aliyeamka sasa hivi. Hana kidole gumba. Mtazame anapovuta tawi: hulikunja kwa vidole vinne kama ndoano, huchagua majani machanga yaliyo nchani, na hayo makubwa huyaachia yarudi juu kwa kishindo. Wale wanaoishi kwenye mashamba ya jirani wana tabia ya kula makaa, na wataalamu hueleza kwamba makaa hunyonya sumu iliyomo katika majani ya miembe na mikungu wanayoyala. Usimlishe, usimguse, na kaa umbali wa hatua tatu au nne hata akikusogelea mwenyewe.

Kiingilio hujumuisha mwongozaji, na matembezi yana sehemu mbili. Msitu wenyewe umeota mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu na uso wa nchi, hivyo vaa viatu vilivyofungwa. Sehemu ya pili ni ulalo wa mbao unaopita juu ya mikoko ya Pete, ng'ambo ya barabara, na mandhari yake hubadilika kwa maji: yakiwa yamekupwa utaona mizizi na kaa wakiingia mashimoni, yakijaa utaona samaki wakipita chini ya miguu yako. Wenye haraka huiruka sehemu hii. Mimi, ningelazimishwa kuchagua moja, ningeiacha ile ya msituni.

Hatua ya sita: Ingia uwandani

Baada ya Pete unafika Kitogani, ambako njia hugawanyika. Ya kulia huelekea Kizimkazi, nayo tutaitumia wakati wa kurudi, na ya moja kwa moja huenda Paje. Kuanzia hapa angalia pembeni. Udongo mwekundu umekwisha, minazi mirefu imepungua, na badala yake kuna mawe ya matumbawe yaliyochongoka, yenye rangi ya kijivu, yakiwa yametokeza katikati ya vichaka visivyozidi kimo cha mtu. Huu ndio uwanda, au maweni, ambao zamani ulikuwa chini ya bahari. Mkulima wa huku hapigi matuta. Hufyeka kichaka, hukichoma, kisha hupanda mbegu katika vifuko vya udongo vilivyobaki kati ya mawe, na baada ya misimu michache huliacha konde lipumzike. Kuta fupi za mawe unazoziona zimepangwa bila udongo wala saruji, kuwazuia nguruwe na mbuzi.

Barabara ya hapa imenyooka, na hatari yake ni unyoofu huo. Baiskeli, magari ya ng'ombe na wanawake wenye matita ya kuni kichwani hushiriki lami hiyohiyo na magari ya watalii yanayokwenda kasi, na hakuna njia ya waenda kwa miguu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa unatosha.

Hatua ya saba: Fika ufukweni kabla maji hayajakupwa kabisa

Lengo ni kuwa mchangani saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, ili utembee ukiyafuata yanapotoka. Kwa siku ya mwezi mosi, hiyo ni mnamo saa tatu kasoro robo, na kwa hiyo anayepita Jozani bila kusimama atoke mjini saa moja kamili. Acha gari kwenye kivuli kijijini. Usiliteremshe mchangani, kwa kuwa mchanga unaoonekana mgumu maji yakiwa mbali hulainika yanaporudi, na kulivuta gari lililozama ni shughuli ya kijiji kizima.

Paje ndiko, pamoja na Jambiani, kilimo cha mwani cha biashara kilikoanzia mwaka 1989, na hadi leo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Shamba la mwani ni mistari ya vigingi vilivyokitwa mchangani, kati yao kukiwa na kamba zilizokazwa, na juu ya kila kamba vichipukizi vya mwani vimefungwa kwa vikamba vidogo, kimoja baada ya kimoja, kwa nafasi ya takriban shubiri moja. Mkulima hukaa majini hadi kiunoni, huichukua kamba mikononi, huyatikisa matope, hukata kilichokomaa na kukifunga upya kichipukizi kilichobaki, akiwa na saa chache tu kabla maji hayajamfukuza. Usikanyage kati ya mistari. Ukitaka kupita karibu, toa salamu kwanza, na kwa mtu mzima iwe shikamoo. Picha uiombe baada ya mazungumzo, na ukikataliwa usinung'unike, kwa kuwa umemkuta mtu kazini.

Vaa viatu vya mpira, sababu chini ya majani ya baharini kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia nyayoni. Rudi nyuma mara tu maji yanapoanza kugeuka. Hayarudi kwa wimbi kubwa linaloonekana. Huanza kujaza mikondo na mabonde yaliyo kati yako na nchi kavu, na mtembezi aliyekwenda mbali akitazama mwamba hugeuka akakuta njia aliyojia ikiwa imefika kifuani. Ufukweni kwenyewe nguo za kuogelea hazina shida mbele ya mahoteli, lakini ukiingia kijijini jifunge kanga au kikoi, na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana.

Kutoka Paje geuka kulia kuelekea Jambiani, kilomita kama 6, kijiji kirefu chenye nyumba za mawe na chokaa. Chakula cha mchana kipate hapa, na agiza mapema: samaki huanza kutafutwa ukishaagiza, na saa nzima ya kungoja si jambo la ajabu.

Hatua ya nane: Zunguka kusini, usirudi ulikotoka

Barabara huendelea hadi Makunduchi, mji wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Kiswahili inayofanyika mwezi Julai, ambapo wanaume hupigana kwa mashina ya migomba na banda la makuti huchomwa moto. Siku hiyo magari hujaa, basi ama uifanye kuwa ndiyo safari yenyewe au uchague siku nyingine.

Kutoka Makunduchi elekea magharibi hadi Kizimkazi Dimbani. Msikiti wake una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, katika mihrabu yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, na jengo lenyewe bado linatumika kwa sala. Vua viatu, jisitiri, na umngoje msimamizi akufungulie nje ya nyakati za sala. Watu watakuita ukaone pomboo. Boti huwa nyingi kuliko pomboo, nazo huwakimbiza, kwa hiyo binafsi huishia msikitini.

Ondoka Kizimkazi kabla ya saa kumi na moja, au saa tisa ikiwa Jozani bado inakungoja. Njia hupitia Muyuni na kukurudisha Kitogani, na kutoka hapo unaelekea machweo, jua likiwa usoni kwa mara ya pili siku hiyo. Magharibi huingia baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza hufuata upesi. Baiskeli hazina taa, ng'ombe hurudi mazizini, na matuta ya Jozani hayaonekani hadi uyakanyage. Ikiwa magurudumu yaligusa mchanga wenye maji ya chumvi, lipitishe gari kwa waosha magari pembezoni mwa mji na uwaambie waoshe chini, kabla mwenye gari hajainama kuangalia.